Marejesho ya kila siku, na mtoto ana miezi tisa

Shangazi anajibu maswali ya wasomaji kuhusu fedha za nyumbani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miezi tisa. Naishi Mbagala Charambe. Asubuhi nakaanga chapati na maandazi nje ya nyumba tuliyopanga, siku ikiwa nzuri nabaki na faida ya 12,000. Jumapili sipiki. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mkataba. Akitoa mafuta na hesabu ya bosi, 10,000 kila siku, ananiachia 5,000 ya matumizi. Kodi ya chumba analipa yeye.

Nilijifungua kwa upasuaji na wifi yangu ndiye aliyetukopesha 300,000. Niliporudi kwenye biashara mtaji ulikuwa umeisha, nikaingia kikundi cha mikopo. Walinipa 500,000, narejesha 50,000 kila Jumanne kwa wiki 13, zimebaki sita. Katikati mtoto akaugua kifua, nikampeleka zahanati binafsi, 45,000 ikaondoka siku moja. Jumanne mbili nikashindwa, wenzangu wakanilipia huku wananisema. Kwa kuogopa maneno nikachukua mkopo mwingine, huu wa kila siku: 200,000, narejesha 10,000 kwa siku 26 za kazi, zimebaki siku 18. Mume wangu haujui. Nimeandikisha friji na godoro kama dhamana.

Kwenye simu nadaiwa 65,000 na kila hela inayoingia inakatwa juu kwa juu. Kwa Mangi mwenye duka 87,000, nyingi ni pampasi na maziwa ya kopo. Nina hisa za 240,000 kwenye kikoba cha mtaani, kila wiki naweka 5,000, tunavunja na kugawana Desemba. Tunaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa, riba asilimia 10 kwa miezi mitatu, lakini sijawahi kukopa, naona aibu majirani kujua shida zangu.

Kuna dalali wa kazi za Uarabuni anasema ndani ya miezi miwili nitakuwa Muscat. Nimwachishe mtoto ziwa nimpeleke kwa mama Handeni? Na mume wangu nimwambie?
Mama wa Charambe

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi.

Kwa wiki ya siku sita unapata 72,000, tena siku zote zikiwa nzuri. Matumizi anayoacha mumeo kwa siku saba ni 35,000. Jumla 107,000. Sasa marejesho: ya kila siku ni 60,000 kwa wiki, ya Jumanne 50,000. Jumla 110,000. Yaani hata nyumba nzima mkifunga, mtoto asionje kitu, bado mnapungukiwa 3,000. Hapo ndipo Mangi na simu walipoingilia, na hapo ndipo unga wa kesho unapoliwa leo. Nataka ulijue hili kabla ya ushauri wowote, maana najua usiku unalala ukijiuliza umekosea wapi. Wewe si mvivu wala si mfujaji. Mzigo uliopewa haubebeki kwa kipato hicho, hata angepewa nani.

Na haubebeki kwa sababu riba yake ni kubwa mno. Hao wa kila siku wamekupa 200,000 na wanataka 260,000 ndani ya mwezi. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ndio hao wasiopokea amana, makampuni na watu binafsi: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni 7,000. Wewe unatozwa 60,000. Tena kila siku unapunguza deni, kwa hiyo kwa wastani mkononi mwako inakaa kama laki moja tu, na juu ya hiyo laki ndiyo unalipa 60,000. Wale wa Jumanne wamekupa 500,000 na watachukua 650,000. Kwa ukomo wa Benki Kuu, riba ya miezi mitatu ingekuwa 52,500, si 150,000. Mtaani mikopo hii tunaiita kausha damu, na wanaoichukua wengi ni kina mama wenye watoto wadogo, kwa sababu ndio wanaohitaji hela leo na hawana hati ya nyumba ya kupeleka benki.

Nilikuwa mhazini wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, kwa miaka mingi na vikao vya Jumanne navijua. Viti vya plastiki chini ya mwembe, afisa mikopo ana orodha yake, kila mmoja ameshika kadi yake ya marejesho. Mmoja akipungukiwa hakuna anayeruhusiwa kuondoka. Jua linapanda, watoto wanalia migongoni, walioacha sufuria jikoni wanaanza kuguna, na maneno yote yanamwendea yule aliyepungukiwa. Afisa mwenyewe hana haja ya kukugombeza, wenzako wanamfanyia kazi hiyo. Ndiyo maana ulitoka pale ukaenda kukopa kwa mwingine ghali zaidi. Ulikuwa unakimbia aibu.

Na barua yako yote ukiitazama, aibu ndiyo inayokupangia nani alipwe. Kikoba chako chenye riba nafuu hukigusi kwa aibu. Mumeo humwambii kwa aibu. Anayekusema hadharani unamkimbizia hela, mtoto anabaki na deni la Mangi. Huo mpangilio ndio tunaoubadilisha.

Chukua daftari, chora mistari ufanye safu nne. Ya kwanza, nani anakudai. Ya pili, kiasi gani. Ya tatu, lini anataka. Ya nne, andika ukweli mtupu: nisipomlipa wiki hii, nini kitatokea nyumbani? Usipomlipa wifi, atanuna. Usipomlipa Mangi, atakunyima sukari ya mkopo. Simu usipoilipa, makato yanaongezeka hata ukiwa umelala. Wa Jumanne watakusema. Wa kila siku watakuja na kirikuu kubeba friji. Mpangilio wa kulipa unatoka kwenye safu ya nne, hautoki kwa anayepiga kelele zaidi.

Kutokana na safu hiyo, ushauri wangu ni huu: nenda kwa viongozi wa kikoba chako, ukope 480,000. Hiyo ni 180,000 ya kumaliza ya kila siku na 300,000 ya kumaliza ya Jumanne. Hisa zako zinaruhusu hadi 720,000. Utarejesha 528,000 kwa miezi mitatu, kama 44,000 kwa wiki.

Najua utasema Shangazi ananiambia nikope nilipe deni, ndilo lililonifikisha hapa. Swali zuri, na sitakuficha: kwa hatua hii utalipa 48,000 zaidi ya unavyodaiwa sasa, kwa sababu riba ya wale wawili tayari imo kwenye kile kilichobaki. Unachonunua kwa hiyo 48,000 ni nafasi ya kupumua. Kila wiki badala ya kutoa 110,000 utatoa 44,000. Na kile kidogo unacholipa juu, kinabaki kikobani mwenu na sehemu yake utaikuta kwenye faida Desemba. Mkopo wa kulipia deni unafaa pale tu riba inaposhuka, rejesho linapokuwa dogo, na lile la zamani linafungwa kabisa siku hiyo hiyo. Ule wa kila siku uliochukua ulikosa yote matatu.

Kabla ya kulipa, waombe wote wawili wakupunguzie riba ya siku zilizobaki kwa kuwa unamaliza mapema. Wengine hukubali, wengine hukataa, kuomba si dhambi. Omba nakala ya mkataba wako, uliza leseni yao ya Benki Kuu. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Wakionyesha ukali, mtaje mwenyekiti wa serikali ya mtaa na umwombe awepo siku ya kulipa. Ukishatoa hela usiondoke bila barua inayosema deni limekwisha, na karatasi uliyoandikisha friji na godoro urudishiwe. Wakikutisha polisi au mgambo, kumbuka kushindwa kulipa deni ni shauri la madai. Anayekudai ana haki ya kwenda mahakamani, hana haki ya kuvamia chumba chako. Kama watafika huko, tafuta wasaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huduma hiyo hutolewa bure kwa asiye na uwezo, na ofisi ya kata watakuelekeza.

Kikoba kikisema hakina kiasi chote, chukua 180,000 tu, umalize wa kila siku. Kwa wale wa Jumanne simama mbele ya kikao, useme kwa mdomo wako: naweza 30,000 kwa wiki kumi. Useme siku una hela mkononi, usisubiri siku umekosa. Mtu aliyekuja na 30,000 na mpango wake husikilizwa tofauti na aliyezima simu.

Sasa angalia wiki yako mpya. 72,000 toa 44,000, inabaki 28,000. Hisa ya kikoba 5,000 endelea nayo. Kwenye 23,000 iliyobaki, 8,000 ni ya mtoto, na 15,000 ni ya madeni madogo. Anza na simu, maana ndiyo inayoongezeka na ndiyo inayomeza hela za wateja wanaokulipa kwa simu. Kwa wiki tano hivi itakuwa imeisha. Kisha Mangi, wiki sita. Mwendee Mangi wiki hii hii, umwambie ukurasa wa deni ufungwe, kuanzia leo unanunua taslimu, na lini ataanza kupokea chake. Novemba utakuwa umemaliza kikoba, simu na Mangi. Desemba mkivunja, hisa zako zitakuwa zimepita 300,000, na hiyo ni ya wifi.

Ila wifi usimwache mpaka Desemba bila neno. Nenda kwake na mtoto, mwambie: “Wifi, sijasahau. Hela yako iko kwenye kikoba, Desemba tunavunja, siku ile ile naileta.” Ndugu wengi hawanuni kwa sababu ya hela, wananuna kwa kuona wamesahaulika.

Jambo moja la biashara. Mtaji wako unaliwa kwa sababu unakaa kama hela. Ukimaliza kuuza saa nne au saa tano, kabla hujashika kitu kingine, nunua unga, mafuta na mkaa wa kesho. Hela ikishakuwa unga ndani ya ndoo haiombwi na mtu yeyote, wala simu haiikati. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachogawanywa.

Kuhusu mtoto. Watu watakwambia jibane, na wakisema hivyo mama wa kwanza kujibana huanza na chakula chake mwenyewe, halafu cha mtoto. Hapo nakukataza. Mtoto wa miezi tisa anajengwa sasa, mwili na akili, na hakuna mwezi utakaorudi kumlipa alichokosa. Lakini lishe bora siyo ile ya kopo. Kama unanyonyesha na maziwa yanatoka, maziwa ya kopo hayahitajiki, labda daktari awe ameagiza kwa sababu maalumu. Mtoto wako anakula chakula chenu kikipondwa: ndizi au viazi, dagaa waliooshwa vizuri, wakakaushwa na kusagwa wakawa unga, maharage yaliyotolewa ganda, mchicha, yai, parachichi likiwa msimu. Hiyo 8,000 yake ya wiki inatosha mayai na matunda, na dagaa wako mnakula wote. Pampasi weka usiku na safari. Mchana rudisha nepi za kitambaa. Kununua pampasi moja moja dukani kwa mkopo ndiko kulikojaza daftari la Mangi.

Akiugua, anza na kituo cha serikali. Sera ya nchi inasamehe gharama za matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ni kweli kuna siku utaambiwa dawa hakuna kanunue nje, lakini kumuona daktari na vipimo vitakuwa vimekuokoa. Na kwa umri wake ana chanjo ya kwanza ya surua na rubela, miezi tisa, kisha ya pili miezi 18. Ni bure. Kama hujaenda, nenda wiki hii. Halafu siku nyingine mtoto akiugua, waambie kikoba. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Kama chenu kinao, ulikuwa unachangia mfuko ambao ungekusaidia, ukaenda kukopa kwa riba kwa kuogopa majirani. Hao majirani nao wana daftari kwa Mangi, mwanangu.

Muscat. Hapana, si sasa. Sikatai kazi ya Uarabuni kwa kila mtu, najua walioenda wakajenga. Lakini mkataba wa kawaida wa kazi za ndani kule ni miaka miwili, na paspoti na mizunguko ya safari inataka hela ambayo utaikopa. Deni lako lote nimelijumlisha, ni 932,000. Hilo linalipika ukiwa hapo hapo Charambe kabla ya mwaka kwisha. Si deni la kumwachisha ziwa mtoto wa miezi tisa, wakati wataalamu wanashauri anyonye mpaka miaka miwili, na kumkuta ana karibu miaka mitatu anakuita dada. Ikiwa siku moja utataka kwenda, uende huna deni, kupitia wakala mwenye kibali anayetambuliwa na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, umesoma mkataba wako nyumbani kabla ya kusaini. Anayekuharakisha ndani ya miezi miwili kwa sababu anajua unadaiwa, mkwepe.

Na mumeo. Ndiyo, mwambie, na mwambie kabla ya kwenda kikobani. Friji na godoro ni vyenu wote wawili. Akija kujua siku kirikuu kiko mlangoni, hataumia kwa ajili ya deni, ataumia kwamba ulikaa naye chumba kimoja ukiwa na jambo zito namna hiyo peke yako. Chagua usiku amekula, mtoto amelala, hayupo mama mkwe wala rafiki. Usianze na kulia wala na kujitetea. Mwekee lile daftari mbele, safu zote nne, na ukurasa wa pili wenye mpango. Mwambie: “Baba, haya ndiyo madeni yetu, huu mmoja nilikuficha, nilikuwa naogopa, na hivi ndivyo nimefikiria kuyamaliza. Naomba tulisome pamoja.” Mwanaume anayetoa hesabu ya bosi kila siku ya Mungu anajua vizuri deni la kila siku lilivyo. Anaweza kukasirika usiku ule. Mpe nafasi ya kukasirika. Asubuhi muulize kama siku mbili kwa wiki anaweza kuongeza 2,000 kwenye matumizi, na kama anaweza kukushikia mtoto alfajiri kabla hajatoka, ukandie mikono miwili. Ila ukiona kumwambia kunahatarisha usalama wako au wa mtoto, mwite kwanza mtu anayemheshimu, kaka yake au mshenga wenu, awepo.

Mkishamaliza Novemba, wewe na wenzako wawili watatu wa kikoba mwendeeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ni ya vikundi na ni ya biashara, kwa hiyo usiifikirie kwa kulipia madeni haya. Jiko la gesi kubwa na meza nzuri, hivyo ndiyo vya kuombea.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niko Kahama, mtoto wetu wa kwanza ana miezi miwili. Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Mke wangu alipokuwa mjamzito nikakopa kwa mtu mwingine, yeye ameshika kadi yangu ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa chake kwanza, ananipa kilichobaki. Mwezi uliopita nilipewa 70,000. Mke wangu anafundisha shule binafsi, yuko likizo ya uzazi.
Mwalimu, Kahama

JIBU: Mwanangu, kadi hiyo irudi mfukoni mwako kabla ya mshahara ujao. Nenda tawi la benki yako na kitambulisho, waambie kadi haiko mikononi mwako na namba ya siri imejulikana. Waifunge wakupe nyingine. Hilo halifuti deni na wala usilichukulie hivyo. Siku hiyo hiyo mwandikie anayekudai barua: nadaiwa kiasi hiki, nitalipa kiasi hiki kila mwezi, kwa njia ya benki au simu ili kila mmoja wetu awe na kumbukumbu. Mpelekee ukiwa na shahidi. Na msome riba yake kwa ule ukomo wa asilimia 3.5 nilioueleza hapo juu. Walimu wengi nilioona mikataba yao walikuwa wameshalipa mkopo wenyewe zamani, wanachoendelea kulipa ni riba juu ya riba.

Unajua kanuni ya theluthi moja. Makato ya mtumishi wa umma hayatakiwi kushusha mshahara wake chini ya theluthi, na ndiyo maana afisa utumishi anapokataa kukupitishia mkopo mwingine anakulinda. Mtu wa kadi anapita nje ya ulinzi huo. Yeye hukuta theluthi yako benki akaichukua. Theluthi hiyo ndiyo chakula cha mke anayenyonyesha, kwa hiyo kiasi utakachomwandikia kwenye barua kitoke baada ya kutenga chakula.

Mkeo naye ana haki zake ambazo naona hamjazitaja. Likizo ya uzazi kwa sheria ni siku 84 na ni ya malipo, hata shule binafsi. Kama mwajiri amemwambia likizo haina mshahara, amuulize kwa maandishi. Kama anachangiwa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, mfuko una mafao ya uzazi. Aende ofisini kwao aulize sifa na muda wa kudai kabla haujampita. Akirudi kazini anaruhusiwa muda wa kunyonyesha usiozidi jumla ya saa mbili kila siku, ndani ya muda wa kazi. Mkizitumia vizuri hamtahitaji maziwa ya kopo, na kwa mshahara ulioushika sasa hilo si jambo dogo.

SWALI: Nilikopa 80,000 kwenye programu ya simu kununua vifaa vya mtoto. Nilipochelewa walituma ujumbe kwa watu waliomo kwenye simu yangu, mpaka dada wa kliniki, wakisema mimi ni tapeli. Nifanye nini?
Mama Pacha, Dodoma

JIBU: Hifadhi kila ujumbe, piga picha za skrini, waombe na waliotumiwa wakurudishie. Halafu angalia kama programu hiyo ina kibali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali, na ikawataka wananchi wasijihusishe nayo. Yenye kibali nayo hairuhusiwi kukudhalilisha. Malalamiko ya mkopo peleka Benki Kuu, na ya kusambaza taarifa zako peleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022. Kwenye mipangilio ya simu iondolee programu ruhusa ya kuona majina na picha.

Kile ulichokopa kilipe, kwa njia yenye risiti, na usiongeze mkopo wa programu nyingine kuufunika huo. Kwa dada wa kliniki nenda kama kawaida, tarehe ya pacha ikifika. Ujumbe wa namna hiyo si wewe wa kwanza kutumiwa, na wauguzi wameshaupokea kwa majina ya wengi. Risiti zako ziweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, hizo hazipotei ndani ya nyumba.